Mtoto Mwenye Usonji Apimwe kwa Mizani Imfaayo



Sisi tusomeshao tumezoea kumpima mtoto kwa ulimi. Akisoma kwa sauti twasema anajua. Akinyamaza twasema hajui. Kwa mizani hiyo tulimdhulumu mtoto mmoja chuoni petu. Kila tukimuuliza aligeuza uso, akachezesha vidole. Tukamwambia baba yake amkalishe nyumbani. Baba alipokuja kumchukua, tulimkuta mtoto mbele ya kabati, amezipanga juzuu zote 30 kwa taratibu yake, bila ya kukosea hata moja. Tuliona haya.

Mtoto yule ana usonji. Hali hii si wazimu, si shetani, wala si kosa la mama. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliieleza mwaka 1943 kwa habari za watoto 11.

Mwaka 2007 wataalamu wa Montreal, Kanada, miongoni mwao Michelle Dawson na Laurent Mottron, walieleza walivyowapima watoto 38 wenye usonji kwa mitihani miwili: ule wa Wechsler, ambao sehemu yake kubwa hutaka maneno, na ule wa Raven, wa kukamilisha michoro. Lau wangepangwa safu moja na watoto 100 kwa daraja za akili, mtihani wa michoro uliwasogeza mbele, kwa wastani, kiasi cha nafasi 30. Watoto ni wale wale. Iliyobadilika ni mizani.

Basi yapasa kuuliza kwanza: twataka kujua nini? Ikiwa ni kuvaa, kula na kujisafisha, kipimo cha Vineland humhoji mzazi, ambaye humwona mtoto kila siku. Ikiwa ni mwanzo wa kusema na kuomba haja, kipo VB-MAPP cha Mark Sundberg, chenye hatua 170 ambazo watoto kwa kawaida huzifikia kabla ya miaka 4. Wala swali la uma na kisu lisimhukumu mtoto alaye kwa mkono.

Enyi wazazi, msiridhike na hesabu moja iliyoandikwa karatasini. Muulizeni mtaalamu: amepimwa kwa lugha gani? Na kesho afundishwe nini?

Mtoto wetu amerudi chuoni. Hajatusomea kwa sauti bado. Lakini tukitaja herufi, huionyesha kwa kidole. Mtoto ni amana. Mwenyezi Mungu atusamehe tulipopunja, atuongoze tupime kwa haki. Amin.