Isa, Yesu na Mulungu: Msamiati wa Mahubiri katika Mwambao wa Malindi na Kilifi

Mhubiri wa Injili afikapo Malindi au Kilifi huwakuta wasikilizaji wa namna mbili walio majirani: Waswahili Waislamu, na Wagiriama pamoja na Wamijikenda wenzao, ambao baadhi yao hufuata mila za wazee, wengine ni Wakristo, na wengine wamesilimu. Tangu Johann Ludwig Krapf awasili Mombasa mwaka 1844, wahubiri wamekuwa wakiteua maneno haya kwa hawa na yale kwa wale. Jambo hilo peke yake si kosa, kwani hakuna tafsiri isiyomzingatia msikilizaji. Linalofaa kuchunguzwa ni pale neno linapobadilisha dai lenyewe.

Krapf mwenyewe ni mfano mzuri. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann, na mwaka 1848 tafsiri yake ya Injili ya Luka katika lugha ya huko ilichapishwa Bombay. Katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1850 alipendekeza herufi za Kirumi, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa hofu kwamba herufi za Kiarabu zingewafungulia watu wa bara mlango wa Uislamu. Hata hivyo, wamishonari waliofuata walichapisha baadhi ya Injili kwa herufi hizo hizo za Kiarabu, ili Waislamu wa pwani wazisome. Mwandiko uliohesabiwa kuwa hatari kwa jamii moja ukawa chambo kwa jamii nyingine.

Jina la Mungu nalo lina historia yake. Muungu ya Kiswahili cha zamani na Mulungu ya Kigiriama ni neno moja. Kiswahili kimeidondosha l iliyo baina ya irabu, ilhali Kigiriama kimeihifadhi, kama ionekanavyo katika mvua na mvula, au njaa na nzala. Kwa hiyo Mwislamu wa Malindi atamkapo "Mwenyezi Mungu" hutumia jina lile lile la Kibantu ambalo wazee wa kaya hulitaja waombapo mvua. Wamishonari walilikubali jina Mulungu, lakini wakazikataa koma, yaani mizimu ya wazee, ambazo katika imani ya Kigiriama hazitengani kwa urahisi na Mulungu huyo. Wako pia wahubiri wa siku hizi wanaomwambia Mwislamu kwamba Mungu wake na wa Injili ni mmoja, kisha wakiwa mbele ya Wakristo husema kwamba Allah ni mwingine kabisa. Hapo hakuna tena tofauti ya lahaja. Yapo madai mawili yanayopingana.

Kuhusu Isa na Yesu, mambo yamegeuka kwa namna ya ajabu kidogo. Agano Jipya la Askofu Edward Steere, lililotolewa mwaka 1883 kwa Kiunguja, lilimwita Isa Masiya bila kubagua wasomaji. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 iliimarisha Yesu Kristo. Leo Isa amerudi katika machapisho yaliyokusudiwa Waislamu, na jina lililokuwa la Wakristo wote wa Unguja sasa laweza kumshangaza Mgiriama Mkristo, aliyezoea kulisikia kwa jirani zake Waislamu.

Mgogoro mkubwa zaidi ulihusu "Mwana wa Mungu". Mwaka 2012 shirika la watafsiri wa Biblia la Wycliffe lilishutumiwa kwamba baadhi ya tafsiri zilizokusudiwa Waislamu zililiepuka neno hilo, na mwaka 2013 jopo lililoundwa na Muungano wa Kiinjili wa Ulimwengu likapendekeza lisiepukwe. Mtafsiri wa Kiswahili ana nafasi zaidi kuliko wengi. Mwana katika mwanamaji, mwanachama au mwanafunzi hahusiani na uzazi, na katika Kiamu na Kimvita neno hilo lilikuwa pia jina la heshima la bibi wa ukoo bora. Kulifuta ni kuharakisha. Maelezo mafupi pembeni mwa ukurasa yangetosha.

Lakini maneno yasiyobadilishwa huleta utata mkubwa zaidi. "Injili" kwa Mwislamu ni kitabu kimoja alichoteremshiwa Isa. Kwa Mkristo ni habari njema, na pia vitabu vinne. "Roho Mtakatifu" kwa wafasiri wengi wa Kurani ni Jibrili. "Mtume" akitajwa Malindi bila jina ni Muhammad, na anayesoma "Mtume Paulo" katika waraka wa kanisa husoma cheo ambacho kanisa halikukusudia. Injili na roho yametoka katika Kiarabu, ilhali mtume ni neno la Kibantu litokanalo na kutuma, nayo yote yalikuwa na maana zake mwambaoni kabla Krapf hajafika.

Kwa nini utata huu ni mzito zaidi Malindi kuliko penginepo? Kwa sababu wasikilizaji hao hawakutengana. Mgiriama wa huko hukijua Kiswahili, hununua na kuuza sokoni na Waislamu, na mara nyingi ana jamaa waliosilimu. Janet McIntosh, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu Malindi, ameeleza Wagiriama wanaopagawa na pepo wa Kiislamu, ambao huwakataza vyakula fulani na kuwasukuma wasilimu. Mtu wa namna hiyo yumo katika makundi yote mawili kwa wakati mmoja. Vijitabu viwili vilivyoandikwa kwa watu wawili huangukia mkononi mwake, naye huvisoma pamoja.

Hivyo kipimo kinachofaa si ufasaha pekee. Inafaa kila andiko lililokusudiwa jamii moja lisomwe kwa sauti mbele ya jamii ya pili kabla halijapigwa chapa, na mtafsiri awepo ajibu maswali. Katika baraza kama hilo Isa na Yesu huenda wakapita bila shida. Swali la koma ndilo litakalochukua mchana mzima.