Osha Pikipiki Nyumbani, Si Mtoni

Mvua ikinyesha Gusii, udongo mwekundu hung'ang'ania pikipiki, na wahudumu wengi wa boda boda huteremka moja kwa moja hadi mtoni. Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapita Kisii na Migori hadi Ziwa Victoria. Oili inayooshwa huku juu huchotwa pamoja na maji ya kunywa huko chini. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inakataza uchafuzi huo.

Nyumbani, ndoo mbili za maji ya mvua zinatosha, mradi kazi ifanyiwe mbali na kisima. Injini ipoe kwanza, na mdomo wa ekzosi uzibwe kwa kitambaa. Matope yaloweshwe kabla ya kusuguliwa, la sivyo mchanga utakwaruza rangi. Cheni isafishwe kwa brashi na mafuta taa kidogo, kamwe si petroli, ifutwe ikauke, kisha ipakwe oili.

Hapo ndipo wengi hukosea: oili ikirukia breki, pikipiki haitashika mteremkoni. Kabla ya kubeba abiria, mwendeshaji azijaribu breki polepole mahali tambarare. Tambara lenye mafuta lisitupwe mtaroni. Mtaro nao huishia mtoni.