Kiswahili cha Gereji Kiingie Darasani

Wapo wasomi wanaoshikilia hadi leo kwamba Kiswahili ni lugha ya siasa, mahubiri na mapenzi, na kwamba mambo ya mitambo hayaelezeki ila kwa Kiingereza. Hao nawasihi wafike Riruta, kando ya Barabara ya Naivasha, wasimame karibu na mafundi wa pikipiki na kusikiliza.

Tangu serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, bodaboda zimekuwa usafiri wa kila siku wa mitaa kama Riruta na Kawangware. Kila moja hubeba roho za watu juu ya beringi chache zilizofichika katikati ya magurudumu. Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na baina yake gololi zinazobingirika. Zikilika, gurudumu huyumba, na abiria anayeponzwa huenda akawa mtoto wa shule.

Nimemsikia fundi akimfunza mwanagenzi wake kazi hii kwa Kiswahili. Kwanza gurudumu huinuliwa, na nati ya ekseli huhakikishwa kuwa imekaza. Kisha tairi hushikwa juu na chini, likasukumwa huku na kuvutwa huku. Gurudumu likicheza, au likizungushwa likanguruma, beringi inashukiwa. Ekseli ikishatolewa, kidole hutiwa ndani ya beringi na kuizungusha polepole. Ikikwaruza au kukwamakwama, hairudishwi tena.

Beringi zote mbili za gurudumu hubadilishwa pamoja. Ile bushi ndefu ya katikati haisahauliwi, kwa kuwa ndiyo inayozuia beringi zisibanwe ekseli inapokazwa. Beringi mpya hugongwa kwenye pete ya nje pekee. Ikigongwa pete ya ndani, nguvu ya nyundo hupitia kwenye gololi, na beringi huharibika kabla haijambeba mtu.

Msahihishaji wa insha atalalamika kwamba beringi, bushi na ekseli ni maneno ya Kiingereza. Ni kweli, kama vile meza ilivyotoka kwa Wareno na kitabu kwa Waarabu. Lakini na atazame vitenzi: kucheza, kunguruma, kukwaruza, kukwama. Majina ya vipuri yamekopwa. Utambuzi wa ugonjwa wa gurudumu umo katika vitenzi vyetu wenyewe.

Zaidi ya hayo, fundi ana sarufi yake. Beringi iliyoandikwa 6202 haina nambari ya kubahatisha. Tarakimu 6 yaeleza aina, 2 yaeleza mfululizo wa ukubwa, na 02 yaeleza tundu la milimita 15. Beringi za 6201 na 6301 zote zina tundu la milimita 12, lakini kipenyo cha nje cha ile ni milimita 32 na cha hii ni 37. Tarakimu moja ikikosewa, beringi haikai. Mwanafunzi anayechambua neno "wanasoma" hufanya kazi iyo hiyo: kila kipande kina maana yake, na kimoja kikibadilika, neno zima hubadilika.

Kiswahili kimekuwa somo la lazima shuleni tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ikakifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo ujuzi huu wa gereji ungali unapita mdomoni na sikioni tu. Mwanagenzi aliyekosa kusikia habari ya bushi siku moja ataikosa miaka mingi, na wateja wake watalipia kosa hilo barabarani.

Walimu wenzangu, tunapofundisha uandishi wa maelekezo, tusikomee kwenye mapishi. Tuwatume wanafunzi wakamsikilize fundi, waandike hatua zake moja baada ya nyingine, kisha wamrudishie azisome na kuzisahihisha. Yeye ndiye awe mtahini. Mwanafunzi atajua kwamba sentensi yenye utata yaweza kumwangusha mtu, na fundi atabaki na karatasi ya kumpa mwanagenzi ajaye.