Pointi 13 mbele, wakamaliza wa tano: Msimu ulioitesa Botafogo

RIO DE JANEIRO, Brazil

KIPINDI cha kwanza kilipomalizika, ubao wa Uwanja wa Nilton Santos ulisomeka Botafogo 3, Palmeiras 0. Ilikuwa usiku wa Novemba 1, 2023. Huku kwetu ulikuwa usiku wa manane kuamkia Novemba 2, na wengi tulikuwa tumelala.

Kule Rio hakuna aliyelala. Mashabiki wa Botafogo waliimba, walikumbatiana, wengine walianza kulia kabisa. Hesabu ilikuwa nyepesi. Ushindi ule ungeiacha timu yao pointi tisa mbele ya Palmeiras, mabingwa watetezi, huku ligi ikielekea ukingoni. Miaka 28 ya kusubiri ubingwa wa Brazil ilionekana kufika mwisho.

Zilibaki dakika 45 tu. Basi bwana, kilichotokea ndani ya dakika hizo, na wiki tano zilizofuata, bado kinasimuliwa Brazil nzima kama hadithi ya kutisha watoto.

TIMU YA GARRINCHA

Kwa kijana anayeijua soka ya Brazil kupitia Neymar na Vinicius Junior, Botafogo inaweza kuonekana timu ya kawaida. Si ya kawaida hata kidogo.

Hii ndiyo klabu ya Garrincha, winga mwenye miguu iliyopinda aliyewafanya mabeki waonekane wamelewa. Brazil ilipotwaa Kombe la Dunia 1962 kule Chile, watano wa Botafogo walikuwamo kikosini: Garrincha, Didi, Nilton Santos, Zagallo na Amarildo. Nilton Santos ndiye huyo ambaye uwanja umepewa jina lake.

Lakini utukufu huo ulikuwa wa zamani. Ubingwa wa mwisho wa ligi ulikuwa wa 1995. Baada ya hapo klabu ilishuka daraja mara tatu, 2002, 2014 na 2020, na madeni yakawa mlima. Brazil kuna msemo wa siku nyingi kwamba kuna mambo ambayo hutokea kwa Botafogo peke yake. Msemo huo hausemwi kwa kusifia.

Mapema 2022, Mmarekani John Textor akanunua asilimia 90 ya kampuni ya soka ya klabu. Fedha zikaingia, wachezaji wakaja, akaletwa kocha Mreno, Luis Castro. Hata hivyo, msimu wa 2023 unaanza hakuna aliyeipa nafasi ya ubingwa. Watu walizitazama Palmeiras na Flamengo.

MZUNGUKO WA MOTO

Jina Botafogo kwa Kireno linasikika kama mtu anasema "tia moto". Na moto kweli ulitiwa.

Mzunguko wa kwanza wa mechi 19, Botafogo ilishinda 15, ikatoka sare mbili na kufungwa mbili tu. Pointi 47. Straika Tiquinho Soares alikuwa anafunga atakavyo, kipa Lucas Perri alikuwa ukuta, na kwenye nyasi bandia za Nilton Santos wageni walikuwa wanakwenda kuchukua kichapo na kurudi nyumbani.

Pengo kileleni lilifika pointi 13. Ligi ya Brazil haina mchujo wa mwisho, ni kama ligi yetu: mwenye pointi nyingi ndiye bingwa. Tangu mfumo huo uanze 2003, hakuna timu iliyowahi kutupa uongozi mnene kiasi kile. Magazeti ya Rio yalishaanza kuhesabu ni mechi ipi ubingwa utatangazwa.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa Botafogo, maji yalianza kuingia mapema, ila matokeo yaliyaficha.

WATANO KWENYE BENCHI MOJA

Mwishoni mwa Juni, timu ikiwa inaongoza ligi, Luis Castro aliaga. Al Nassr ya Saudi Arabia ilimwita akamfundishe Cristiano Ronaldo, naye akaenda. Hebu fikiria: kocha anaiacha timu iliyo kileleni kabla hata nusu ya msimu haijafika.

Claudio Caçapa akaishika timu kwa muda, na moto haukuzimika. Kisha akaja Mreno mwingine, Bruno Lage, aliyewahi kuifundisha Benfica na Wolves. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuyumba. Septemba, baada ya kufungwa na Flamengo nyumbani, Lage alikaa mbele ya waandishi na kusema kazi yake iko mikononi mwa klabu, yaani wakitaka wamwondoe. Kiongozi wa ligi! Wachezaji wakabaki wanatazamana.

Mapema Oktoba alitimuliwa, baada ya sare na Goiás ambayo alimwanzishia benchi Tiquinho. Lucio Flavio, mchezaji wa zamani wa klabu, akapewa timu. Naye alidumu hadi Novemba, akaja Tiago Nunes. Jumla ni watu watano kwenye benchi moja ndani ya msimu mmoja wa kuwania ubingwa.

Upande wa pili, Palmeiras ilikuwa na Abel Ferreira tangu 2020. Kocha mmoja, sauti moja. Ukitaka kujua kombe lilikwenda wapi na kwa nini, anzia hapo.

USIKU WA ENDRICK

Turudi Novemba 1. Mabao ya Eduardo, Tche Tche na Junior Santos yameifanya kuwa 3-0. Kipindi cha pili kinaanza, na dogo mmoja wa miaka 17, ambaye Real Madrid ilikuwa imeshamnunua na inamsubiri akue, anachukua mpira, anapita kati ya mabeki na kufunga. Endrick. 3-1.

Bado hakuna wasiwasi. Lakini dakika ya 76 beki tegemeo Adryelson analimwa kadi nyekundu. Muda mfupi baadaye, pamoja na upungufu huo, Botafogo inapata penalti. Tiquinho huyu hapa. Akifunga ni 4-1, na biashara imekwisha.

Kipa Weverton akaipangua.

Sijui kama kuna mkwaju mmoja wa penalti uliowahi kugharimu kiasi kile. Palepale Endrick akafunga la pili, 3-2. Uwanja ukanyamaza. Dakika ya 89 Flaco Lopez akachomoa, 3-3. Kisha dakika ya tisa ya nyongeza, mpira wa adhabu ukashushwa langoni na beki Murilo akamaliza kazi. Palmeiras 4, Botafogo 3. Meza ilikuwa imepinduliwa, na vyombo vyote chini.

Textor aliingia uwanjani akiwaka, akalilaumu Shirikisho la Soka la Brazil na kumtaka rais wake ajiuzulu. Kelele zile hazikurudisha pointi hata moja. Badala ya tisa, pengo likawa pointi tatu.

SUAREZ AKAKANYAGA KIDONDA

Siku chache baadaye wakafungwa 1-0 na Vasco da Gama, watani wao wa jiji hilohilo. Novemba 9 ikaja Gremio. Uwanja wa Nilton Santos ulikuwa na tamasha la muziki, kwa hiyo Botafogo ikabidi ihamie São Januário, kwa hao hao Vasco, kucheza mechi yake ya "nyumbani".

Wakaongoza tena. 3-1, mapema kipindi cha pili. Ungedhani somo la wiki iliyopita limeeleweka. Lakini Gremio ilikuwa na mzee wa miaka 36, magoti yanamuuma, anayeitwa Luis Suarez. Kwa muda wa kama dakika 20 mzee akapiga hat-trick. Ikaisha 4-3, matokeo yaleyale, kidonda kilekile.

Pale hata asiyejua mpira angeona kwamba shida haikuwa miguu. Ilikuwa kichwa. Timu iliyokuwa inacheza ili ishinde ilikuwa sasa inacheza ili isifungwe, na wapinzani wakaishanusa hofu hiyo. Kila aliyekuja alijua kwamba hata akifungwa mabao matatu, asubiri tu, watajivuruga wenyewe.

DAKIKA ZA NYONGEZA

Yaliyofuata yanachosha hata kuyasimulia. Walikuwa wanaongoza dhidi ya Red Bull Bragantino, wakachomolewa dakika za nyongeza, 2-2. Walikuwa wanaongoza dhidi ya Santos, wakachomolewa dakika za nyongeza, 1-1.

Kisha Novemba 29 wakaenda kwa Coritiba, timu ya kundi la kushuka daraja. Hadi dakika 90 hakuna bao. Dakika ya saba ya nyongeza wakapata penalti. Tiquinho, yuleyule wa Weverton, akaenda tena kwenye nukta. Safari hii akafunga. Benchi zima likavamia uwanja, watu wakaangua kilio cha furaha. Hatimaye!

Dakika mbili baadaye Coritiba ikasawazisha.

Ukiuliza Brazil ni lini hasa Botafogo ilipoteza ubingwa, wengine watakutajia Endrick, wengine Suarez. Mimi ningesema ni hapa, kwa sababu hapa ndipo hata wao wenyewe waliacha kuamini.

Hawakushinda mechi yoyote kati ya 11 za mwisho: sare sita, vipigo vitano. Mzunguko wote wa pili walishinda mara tatu tu. Timu ya pointi 47 katika nusu ya kwanza ilivuna 17 katika nusu ya pili, ikamaliza na 64. Palmeiras ikawa bingwa kwa pointi 70, Gremio 68, Atletico Mineiro na Flamengo 66 kila moja. Botafogo haikuambulia hata nafasi ya pili. Ilikuwa ya tano.

Wenzetu wa Arsenal walioongoza sehemu kubwa ya msimu wa 2022/23 kisha wakaipisha Manchester City, angalau nyie mlimaliza wa pili. Mnayajua maumivu, lakini hamjafika huku.

NA SANTOS NAYO IKALIA

Msimu huo haukuwa na huruma kwa wenye majina. Desemba 6, siku ambayo Palmeiras ilihitimisha ubingwa kwa sare ya 1-1 na Cruzeiro, bao likiwa la Endrick, Santos ilifungwa 2-1 na Fortaleza kwenye Uwanja wa Vila Belmiro na kushuka daraja.

Santos ya Pele. Klabu iliyoanzishwa 1912 na haikuwa imeshuka hata mara moja. Mfalme mwenyewe alifariki Desemba 29, 2022, hata mwaka haujatimia. Usiku ule magari na mabasi yalichomwa moto nje ya uwanja. Timu ya Garrincha imepoteza ubingwa, timu ya Pele imeshuka. Wazee wa Brazil walisema kama soka ina mizimu yake, basi mwaka ule ilikuwa imekasirika.

DENI LIKALIPWA

Hadithi hii ingeishia hapo, ningekuwa sijaiandika. Nafasi ya tano, aibu ile, ilikuwa na tiketi moja ndani yake: hatua za awali za Copa Libertadores 2024. Wakaanzia kwenye mchujo, na baadaye akajiunga nao kocha mpya Artur Jorge, Mreno mwingine tena.

Na kwenye ligi, Novemba 2024, jinamizi likarudi. Botafogo ilikuwa kileleni, ikaanza kutoa sare mfululizo, Palmeiras ikaifikia kwa pointi, 70 kwa 70. Novemba 26 wakakutana, safari hii nyumbani kwa Palmeiras. Brazil nzima ilijua kitakachotokea. Hata mashabiki wa Botafogo walijua.

Botafogo ikashinda 3-1. Na aliyefunga la tatu ni nani? Adryelson. Yule beki wa kadi nyekundu. Alikuwa ameuzwa Ulaya, akarudi kwa mkopo, akaja kulipa deni mbele ya watu walewale.

Siku nne baadaye, Novemba 30, fainali ya Libertadores jijini Buenos Aires dhidi ya Atletico Mineiro. Gregore akalimwa kadi nyekundu kabla dakika ya kwanza haijaisha. Mwaka uliotangulia, timu ile ingekufa palepale. Safari hii wakiwa kumi wakashinda 3-1, Junior Santos akifunga la mwisho dakika za nyongeza. Naam, dakika zilezile zilizowaua ndizo zilizowazika wengine. Desemba 8 wakaichapa São Paulo 2-1 na kutwaa ligi kwa pointi 79, sita zaidi ya Palmeiras.

Watu husema 2024 iliifuta 2023. Mimi sidhani. Nadhani iliandikwa juu yake. Timu iliyocheza na watu kumi kule Buenos Aires bila kutetemeka ilikuwa imeshapoteza 3-0, imeshapoteza 3-1, imeshachomolewa dakika mbili baada ya kushangilia. Kulikuwa na nini kingine cha kuogopa?

Kwa hiyo wewe ambaye timu yako iko kileleni leo na umeshaanza kuwatumia watani picha za kombe, fanya hivyo ukipenda. Lakini kabla hujatuma, muulize shabiki wa Botafogo alikuwa anafanya nini wakati wa mapumziko ile Novemba 1.