Magari Nayo Yanahitaji Lugha Moja

Msafiri aliyewahi kupita usiku katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, hasa kipande cha kutoka Maungu hadi Voi, anajua kwamba magari huzungumza. Huzungumza kwa taa. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kushoto, dereva wake anamwambia wa nyuma: njia ni nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia, anamwonya: subiri, kuna gari linakuja. Naye anayetoka upande wa pili akimulika mara mbili, huenda anakuarifu kwamba mbele kuna ndovu wa Tsavo wanaovuka, au kuna askari, au analalamika tu kwamba taa zako zinamuumiza macho.

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi bila kuitafakari lugha hii, mpaka usiku mmoja ilipokaribia kunitoa roho. Nilikuwa njiani kwenda Wundanyi. Kabla ya kufika Voi, lori nililolifuata liliwasha indiketa ya kushoto. Nikaisoma kuwa ruhusa, nikatoka kulipita. Kumbe dereva alisema kile ambacho sheria inamtaka aseme: anaingia kushoto kuegesha. Mbele yangu palikuwa na basi, uso kwa uso. Nilirudi nyuma ya lori kwa nafasi ambayo hadi leo sipendi kuikumbuka.

Sisi wanaisimu huliita jambo hili utata: ishara moja, maana mbili. Darasani mifano yake huwachekesha wanafunzi; barabarani huua.

Wahandisi wamekwisha kubuni dawa yake. Gari hutiwa redio ndogo inayotangaza, yapata mara kumi kwa kila sekunde, mahali lilipo, mwendo wake, linakoelekea na kama limefunga breki. Magari yaliyo umbali wa mita mia kadhaa huisikia habari hiyo hata kama lori au kilima kimeyaziba macho ya dereva. Usiku ule, basi lingejitangaza kabla sijaliona.

Lakini, msomaji, dawa hiyo nayo imepatwa na ugonjwa wa lugha. Marekani ilitenga masafa kwa kazi hii mwaka 1999. Baadaye pakazuka lahaja mbili, moja iliyotokana na Waifai na nyingine na simu za mkononi, na zenyewe kwa zenyewe hazielewani. Mwaka 2019 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataa kanuni iliyoipendelea ile ya kwanza. Mwaka 2020 Marekani ikaielekea ya pili, na kupunguza masafa yenyewe. Nayo Japani, ambako Toyota ilianza kuuza magari ya aina hiyo mwaka 2015, hutumia masafa ya megahezi 760, mbali kabisa na gigahezi 5.9 za wenzake.

Hayo yanatuhusu, kwa kuwa magari yetu mengi huletwa yakiwa yametumika Japani. Nani asiyejua redio ya gari lililoshuka bandarini juzi, isiyoshika idhaa zetu nyingi kwa sababu masafa yake huishia karibu na 90? Kukosa muziki ni hasara ndogo. Kuwa na gari linalopaza sauti ya hatari kwa lugha isiyosikiwa na gari la pili ni msiba.

Tunao mfano wetu wenyewe. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wapenzi wa Kimvita walinung'unika, na wengine wananung'unika hadi leo. Hata hivyo mtoto wa Taveta na wa Kigoma husoma kitabu kimoja. Mamlaka ya Mawasiliano na ile ya usalama barabarani hazina budi kuifanya kazi kama hiyo kwa ajili ya magari, na kuifanya kabla meli hazijatuchagulia.

Hata hivyo, ndovu hatafungwa redio, wala mwenda kwa miguu wa Mwatate. Kwa hiyo tusiidharau taa. Shule za udereva na zifundishe waziwazi maana moja ya indiketa, nasi walimu tuwaulize wanafunzi wetu swali hili: ishara ina faida gani ikiwa anayeitoa na anayeipokea hawajakubaliana?