Meno yaliyobanana: yang'olewe au yaachwe?

Barua ya kliniki ilikuwa fupi: magego madogo manne yang'olewe, kisha nyaya za kunyooshea meno zivaliwe kwa miezi 24. Magego hayo, yaliyo nyuma ya chonge, hayajatoboka wala hayaumi. Yamo kinywani mwa binti yangu mwenye umri wa miaka 13, aliyezaliwa hapa Uingereza. Daktari wa pili aliziangalia picha zilezile akasema hakuna haja ya kung'oa hata moja. Bibi yake aliyeko Tanga, alipoelezwa kwa simu, aliuliza swali moja tu: mtoto anaumwa nini?

Haumwi. Tatizo ni la nafasi. Ukijumlisha upana wa meno yake, unazidi nafasi iliyopo kwenye utaya, ndiyo maana yanapandana. Upungufu huo hupimwa kwa milimita. Ukiwa chini ya 4, ni nadra daktari kung'oa; ukifika 10, mara nyingi hakuna njia nyingine. Katikati ya hapo wataalamu waaminifu hutofautiana, na binti yangu ana upungufu wa milimita 6.

Mzozo wenyewe ni mkongwe. Mmarekani Edward Angle, aliyefariki mwaka 1930 na ambaye wengi humwita baba wa fani hii, alishikilia kwamba meno yote yanaweza kupangwa bila kung'oa hata moja. Mwanafunzi wake, Charles Tweed, alifuata mafundisho hayo kwa miaka kadhaa, kisha akaona meno ya wagonjwa wake yamesukumwa mbele mno na mengine yanarudi kupinda. Aliwaita tena baadhi yao, akang'oa magego madogo na kuwatibu upya.

Hata hivyo, kung'oa si dhamana. Mwaka 1981 watafiti wa Seattle walichapisha matokeo ya wagonjwa 65 waliokuwa wameng'olewa magego hayo. Miaka 10 au zaidi baada ya kuacha vifaa vya kushikilia meno, takriban theluthi mbili yao walikuwa na meno ya mbele ya chini yasiyoridhisha.

Kuacha meno yote nako kuna gharama. Utaya hupanuliwa kidogo, kingo za meno husuguliwa, na meno ya mbele huinamia nje. Yakivuka mpaka wa mfupa, ambao hapo ni mwembamba, ufizi unaweza kushuka na mizizi ikaonekana.

Jambo lililonikosesha usingizi ni jingine. Kila gego dogo lina upana wa milimita 7 hivi. Ukitoa mawili katika utaya mmoja unapata 14, ilhali sisi tunahitaji 6. Nafasi inayobaki huzibwa kwa kuvuta meno, ya nyuma yakija mbele na ya mbele yakirudi nyuma, na midomo huyafuata. Kwa mtu ambaye meno yake yamechomoza mno, hiyo ni nafuu. Lakini vipimo vya uso wa kawaida vilivyomo katika vitabu vingi vya fani hii vilitokana na sura za Wazungu, na watu wenye asili ya Afrika kwa kawaida huwa na meno na midomo iliyo mbele zaidi. Je, mpango huu unalenga uso wa nani? (Kwetu hata mwanya ni urembo, hapa nimeona unazibwa.)

Nilimuuliza daktari wa kwanza hivyo hivyo, kwa adabu. Hakukasirika. Alikiri kwamba alitumia vipimo vya kawaida, akaongeza kuwa kifaa cha kushikilia meno kitavaliwa usiku kwa miaka mingi, meno yang'olewe au yasing'olewe. Sasa ataandaa sanamu mbili za meno yake, moja ikiwa na magego hayo na nyingine bila hayo, ili binti mwenyewe azitazame kabla jino lolote halijaguswa.