Je, Wajua? Sikinde Ilizaliwa kwa Wanamuziki Kuhama

Anayekulia Nkoma au Bariadi anaujua ushindani wa Bagalu na Bagika, makundi ya ngoma ya Wasukuma, baada ya mavuno: kila upande huboresha ngoma yake kwa sababu upande wa pili upo. Ndivyo ilivyokuwa katika dansi la Dar es Salaam. Mwaka 1978 Muhiddin Gurumo, mmoja wa nguzo za bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA, iliyoanzishwa 1964, alikwenda kuijenga Mlimani Park, yaani Sikinde. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akamvuta yeye na wenzake waanzishe upya bendi ya Safari Sound. Baadaye Gurumo alirudi Msondo, yaani bendi ileile ya NUTA kwa jina jingine.

Wapo wanaodai kuhamahama huko kuliua muziki wetu. Hoja hiyo ina uzito, maana Safari Sound haikudumu. Lakini tuangalie nani alimiliki vyombo: magitaa na spika vilikuwa mali ya shirika au tajiri, si ya mpigaji. Mwanamuziki alibaki na sauti na ufundi wake tu, na kuhama ndiyo nguvu pekee aliyokuwa nayo ya kudai malipo bora. Kumwita msaliti ni kumwonea. Tena Sikinde haikufa. Kiongozi wake Michael Enoch alibaki, akawanoa wengine, na bendi ikaendelea kushindana na Msondo kwa miongo mingi.